Neno la Maji

Barua imetoka ofisi ya kaunti, karatasi mbili,
WASIFU WA MTAA, jaza kwa wino mweusi.
Jina la sasa: Makina.
Jina la zamani: Kibra, yaani msitu.
Nachungulia dirishani nihesabu miti:
mpapai wa kina Sebit,
na nguzo ya stima, ambayo si mti
lakini kunguru hawajali.

Mwaka wa kuanzishwa. Hapa kalamu inasita.
Ni mwaka askari walipoambiwa kaeni, pumzikeni,
au mwaka alipozikwa mtu wa kwanza?
Babu wa nyanya yangu, Sajini Murjan Bakhit,
alipigana vita vya watu wasioweza kutamka jina lake,
akalipwa kofia nyekundu, kibali cha karatasi
na ardhi ya mdomoni.
Ekari elfu nne na ushei, fisi wakiwemo.
Wanawake wakafyeka, wakapanda mahindi,
wakatandaza kisra juu ya chuma cha moto,
nyembamba hata ungemwona jirani upande wa pili.
Reli ikapita katikati ya mahindi bila kupiga hodi.

Kazi za wakazi. Naandika: ususi, biashara, ualimu.
Siandiki chupa zilizozikwa uani kwa Bi Zamzam,
ambazo polisi walizitafuta mchana
wakazinunua usiku.

Lugha. Wamechapisha visanduku kumi na viwili.
Chetu hakimo. Natia alama kwenye "Nyingine"
na mkono unanirudisha Mbagathi, wodi ya wanawake,
Juni ile ya baridi.

Nyanya, Bakhita Rihani, miaka tisini na kitu.
Kiswahili kilikuwa kimemtoka
kama wageni wanavyotoka harusini,
Kinubi kikabaki peke yake kikifagia ua.
"Ana aju moyo," akasema.
Muuguzi, binti wa Nyahururu, mpole, mwenye haraka,
akaandika: mgonjwa analalamikia moyo.
Wakasukuma mashine, wakambandika nyaya kifuani.
"Moyo," akasema. "Moyo."
"Ndiyo nyanya, tunauangalia."

Mimi nilikuwa dirisha la nne, nalipa.
Niliporudi karatasi ya mapigo ilikuwa imefika sakafuni,
vilima vidogo vidogo, vyote vizima,
na midomo yake imepasuka kama udongo wa Januari.

Kwetu, moyo ni maji.

Alikunywa vikombe vitatu,
akafuta kidevu kwa ncha ya gurbaba,
akaniambia nimuulize yule binti kama ameolewa.
Muuguzi alicheka, kisha akalia kidogo.
Karatasi hakuirekebisha. Ilikwisha kugongwa muhuri.

Ukubwa wa eneo. Ekari mia mbili themanini na nane,
hati iko, tuliipigia makofi, tulikula pilau.
Zile nyingine sijui niziandike wapi.
Kabla ya hati ushahidi wetu ulikuwa makaburi:
tukiulizwa mmetoka wapi
tulionyesha chini.
Naye yuko huko sasa, safu ya tatu, karibu na ukuta.

Idadi ya wasemaji. Naanza na vidole,
shangazi Zainabu, kina Faradhala wote,
mimi, nikiwa na hasira au ninapohesabu pesa.
Mwanangu Rihani je? Anaelewa akigombezwa tu.
Anapita na simu sikioni, anachungulia fomu:
"Mathee, andika tu chochote. Hawasomi hao."
Namwandika nusu. Fomu haikubali nusu.
Namwandika mzima.

Swali la mwisho: chanzo cha maji.
Bomba, Jumanne na Ijumaa, likikumbuka.
Siku nyingine mtungi, shilingi ishirini.
Nimeandika hayo kwa Kiswahili safi
na bado nafasi imebaki, mistari miwili mitupu,
kalamu imesimama juu yake.

"Mathee," anaita kutoka chumbani, "maji iko?"
Iko, nasema. Kwenye jagi.
Funua tabaga ya nyanya,
ile ambayo ukingo wake haukuisha kusukwa.
Taratibu, nyuzi zinachomoka.